Swali Lililotoka Kikapuni



Katika ukurasa huu nimezoea kuandika juu ya nyumba za watu. Juma hili insafu imenitaka niandike juu ya nyumba yangu mwenyewe. Binti yangu nimemwomba ruhusa, naye amenipa kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisikitaje chuo chake. Mama yake naye ameridhia, na sharti lake lilikuwa moja tu: niseme kweli yote, hata pale isiponipendeza.

Mnaohudhuria darsa ya akina mama siku za Jumatano mnakijua kile kikapu cha ukili kinachopitishwa kabla ya kumaliza. Mwenye swali huliandika kwenye kijikaratasi bila ya jina, akakitia humo, nami huvitoa kimoja kimoja nikavijibu. Ni njia nzuri, kwa kuwa yako mambo ambayo mwanamke huona haya kuyauliza mbele ya jirani zake. Miezi mitano nyuma kilitoka kijikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa, kikiuliza kama yafaa binti aliye chuo kikuu kucheza mpira wa kikapu pamoja na wenzake.

Nililijibu swali lile kwa muda usiozidi dakika mbili. Nilisema kwamba binti hakupelekwa chuoni kwenda kurukaruka mbele ya macho ya watu. Nilisema kwamba mzazi anayelipa karo kwa jasho lake hastahiki kulipwa hivyo. Kisha nikaongeza, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba mama anayelijua jambo kama hilo akalinyamazia ana fungu lake katika lawama. Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Nami nikatia mkono kikapuni kutoa karatasi nyingine, iliyokuwa ya mirathi, na hiyo nikaitumia nusu saa nzima.

Baada ya siku zile niligundua kwamba binti yangu, aliye mwaka wa tatu Nairobi, haniulizii tena kwenye simu. Zamani alikuwa akishazungumza na mama yake husema, "Nipe Baba." Sasa salamu zilikuwa zikinifikia kupitia kwa mama: "Mwanao akuamkia." Nilijiambia kwamba ni masomo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi udhuru.

Ijumaa moja baada ya Isha nilirudi kutoka msikitini nikamkuta mama watoto jikoni, simu iko sikioni. Hakunisikia nikiingia. Alikuwa akisema, "Uvimbe umepungua? Basi ukiona kesho mguu wauma usicheze, mwanangu. Mwambie kocha."

Alipoiweka simu nilimuuliza ni nani anayecheza, na anacheza nini.

Alinitazama kidogo, kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo. "Ni mwanao," akasema. "Yuacheza mpira wa kikapu katika timu ya chuo chao, huu mwaka wa pili. Kesho saa kumi wana mechi na chuo kingine. Na ile karatasi ya kikapuni niliiandika mimi. Niliandika kwa herufi kubwa ili usiujue mkono wangu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza nyumbani.

"Nilichelea jibu la baba," akasema, "nikaona afadhali nimuulize sheikh. Kumbe ni mtu mmoja."

Usiku ule sikulala usingizi wa maana. Tulipokuwa vijana madrasani, mwalimu wetu wa fiqhi alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulirudia: kwamba hukumu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe, na mwenye kuhukumu asilolifahamu hukosea hata pale anapopatia. Nami nilikuwa nimeuhukumu mchezo ambao sikuwa nimewahi kuutazama toka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimemhukumu binti bila ya kuuliza anavaa nini, anacheza na nani, anaswali saa ngapi, na nani yuko pamoja naye. Na huyo mama niliyemtwika lawama mbele ya wenziwe alikuwa ameketi safu ya tatu, akaja nyumbani usiku ule akanipakulia chakula, wala hakusema neno.

Baada ya swala ya Alfajiri nilichukua ufunguo wa gari. Sikuwa nimepanga. Treni ya asubuhi hutaka mtu akate tiketi mapema, na basi lingenifikisha kwa wakati wake, si kwa wangu. Mama watoto hakuweza kufuatana nami kwa sababu mama yake mgonjwa yuko kwetu. Alinifungia mahamri na mbaazi, akanijazia chupa ya chai, kisha akasimama mlangoni akaniuliza:

"Waenda kumtoa?"

"Naenda kumwona," nikajibu. Neno hilo nililichagua kwa kuwa halikuahidi kitu. Kweli ni kwamba mwenyewe sikujua ninaenda kufanya nini.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapita Changamwe. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni mwendo wa karibu kilomita 480, na kwa gari dogo lenye umri kama wangu, katikati ya matrela yanayopanda na makontena kutoka bandarini, ni kazi ya siku nzima. Nilikuwa sijaiendesha njia ile peke yangu kwa miaka mingi. Daima nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye, au niliketi nyuma nikasinzia. Safari ya peke yako haina wa kukupunguzia fikra zako. Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru: minazi ikaisha, miiba ikaanza, nami nikawa nazungumza na nafsi yangu kwa sauti kama mgonjwa wa homa.

Saa mbili nilisimama Mackinnon Road, penye msikiti ule ulio ubavuni mwa reli ya zamani, lilipo kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu aliyetoka Bara Hindi kuja kufanya kazi ya ujenzi wa reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Mengi husimuliwa juu yake, nami si wa kuyathibitisha wala kuyakanusha. Lijulikanalo ni kwamba wasafiri wa njia ile, wa dini yetu na wasio wa dini yetu, wana desturi ya kupumzika pale kabla ya kuendelea. Nilitawadha, nikaswali rakaa mbili, nikatoka kunywa chai yangu kivulini.

Karibu nami alikaa dereva wa trela aliyekuwa akielekea Malaba. Aliniamkia, nikamkaribisha hamri. Simu ikalia. Akazungumza kwa dakika chache huku akicheka, kisha akaniambia, "Huyo ni binti yangu wa darasa la sita, yuko Mazeras. Mwezi mzima namwona siku mbili. Kwa hivyo kila nikisimama hapa nampigia ananieleza alichokula jana, na nani alimwudhi shuleni."

Nilimwombea dua nikaingia garini. Mtu yule, ambaye riziki yake iko barabarani, alijua binti yake amekula nini. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wazazi malezi, sikujua kwamba wangu ameteguka mguu.

Baada ya Voi njia inaingia katika nyika ya Tsavo, mahali ambapo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli hata kazi ikasimama. Niliwaona ndovu watano mbali kidogo na barabara, wekundu kwa vumbi la huko, na mtoto wao yuko katikati. Hapo nikakumbuka jambo. Binti yangu alipokuwa na miaka minane tulikuwa na mwembe uani, na hakuna mtoto wa mtaa ule, mume kwa mke, aliyekuwa na shabaha kama yake. Embe alilolitaka alilitungua kwa jiwe moja. Siku moja jirani alikuja kushtaki kwamba jiwe limeangukia mabati yake. Nilimkanya binti mbele ya jirani, na jirani alipoondoka nikamwambia, "Hebu nionyeshe tena ulivyolipiga." Akanionyesha. Nilicheka nikamwita mpiga mishale. Nilijiuliza pale Manyani: yule baba aliyesema "hebu nionyeshe" alikwenda wapi? Ni lini alianza kuhukumu bila ya kuonyeshwa?

Mtito Andei nilijaza mafuta. Nikapita Kibwezi, nikapita Makindu, lilipo hekalu la Masingasinga ambalo kwa miaka mingi limewalisha wasafiri bila ya malipo. Saa saba nikaswali Adhuhuri na Alasiri, nimezikusanya na kuzipunguza kama sheria ilivyomruhusu msafiri, katika msikiti mdogo kando ya njia. Nikaufikia Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawala toka 1896 hadi 1902. Watoto wetu wangapi wanapita pale bila ya kujua kwamba jina lile ni la mtu wa pwani? Baada ya hapo ni milima, kisha tambarare za Athi, kisha msongamano wa Mlolongo ulionila dakika arobaini. Saa tisa na nusu nilikuwa South C, mlangoni kwa dada yangu.

Dada yangu ananizidi miaka saba, na binti yangu hukaa kwake. Nilikuwa sijaingia nyumba ile kwa miaka minne. Alikwisha kupigiwa simu, kwa hivyo nilimkuta amevaa buibui, mkoba uko begani na chupa ya chai mkononi.

"Waja kwa heri au kwa shari?" akaniuliza kabla hata ya salamu kwisha.

"Sijui, dada yangu."

"Basi twende ukajue. Tukichelewa hatupati pa kukaa upande wa wanawake."

Ndani ya gari alinieleza kwamba hakuna mechi hata moja ambayo binti yule amecheza bila ya yeye kuwapo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ndiye uliyetusomesha kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha, mara ya kwanza akashindwa yeye, mara ya pili akashinda. Nikadhani wakumbuka."

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye mwangwi. Walikuwamo wanafunzi wa kiume na wa kike, na nitasema wazi kwamba jambo hilo halikunipendeza. Sikugeuka kuwa mtu mwingine njiani. Lakini dada yangu alikuwa na pembe yake, ambako walikaa mama zao wachezaji na wanafunzi wenye kujistiri, na mimi nikakaa mwisho wa safu ile, nyuma ya nguzo. Hapo nikamwona binti yangu.

Alivaa hijabu nyeusi ya michezo iliyomshika kichwa na shingo, mikono mirefu chini ya jezi, na suruali hadi kwenye kifundo cha mguu. Kifundo cha kushoto kilifungwa bandeji. Alikuwa mfupi kuliko wenziwe wote.

Sikuujua mchezo, kwa hivyo dada yangu wa miaka sitini na zaidi alinisomesha. Kila upande huwa na watu watano. Mchezo hugawanywa robo nne za dakika kumi kumi. Timu ikishapata mpira ina sekunde 24 tu za kujaribu kuutia kikapuni, la sivyo hunyang'anywa. Mwenye kufanya makosa matano hutoka. Binti yangu, akaniambia, si mfungaji. Kazi yake ni kupanda na mpira, kutazama nani yuko wapi, na kumpa aliye na nafasi nzuri kuliko yeye.

Nilitazama. Mara ngapi alifika karibu na kikapu, nikadhani atatupa, na badala yake akampa mwenziwe! Alikuwa akiwaita kwa majina, akiwaonyesha kwa kidole pa kwenda. Mchezaji wa upande wa pili alipoanguka, yeye ndiye aliyempa mkono kumwinua. Dada yangu alikuwa akimpigia kelele mwamuzi kwa Kimvita kitupu, na nadhani ni salama kwamba mwamuzi hakukielewa.

Wakati wa mapumziko timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi nne. Alinyanyua uso kumtafuta shangazi yake, akacheka, kisha macho yake yakanifikia mimi kwenye nguzo. Kicheko kile kikakatika kama uzi.

Robo ya tatu alipoteza mpira mara tatu. Mara moja uliteleza mikononi mwake bila ya mtu kumgusa. Kocha akamtoa akamkalisha benchi. Nilijua kwamba mipira ile mitatu niliipoteza mimi. Mtu huweza kumwonea mwanawe kwa kumtazama tu, ikiwa mtoto ameshazoea kwamba jicho la baba yake ni jicho la hukumu.

Walifungwa 61 kwa 47. Alirudishwa uwanjani robo ya mwisho, akacheza vyema kidogo, lakini mchezo ulikuwa umeshakwenda. Mwisho alipita mstari mzima akiwapa mkono washindi, mmoja mmoja, hakumruka hata mmoja.

Tulimngoja nje. Alitoka amevaa buibui, mkoba begani, akichechemea. Akauchukua mkono wangu akaubusu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha, kabla sijasema neno, akasema kwa sauti ya chini na ya adabu, kama mtu aliyekuwa amelihifadhi neno lile kwa muda mrefu: "Baba, nimebakiza wiki mbili kufanya mtihani. Nakuomba uniache niumalize, kisha nitarudi nyumbani. Sitabishana."

Enyi wazazi, nimesimamia mazishi mengi, na nimewapa watu habari nzito nikiwa mkavu wa macho. Lakini pale ulimi wangu ulikuwa mzito. Mtoto huyu alikuwa ameishi miezi mitano akiingoja siku ambayo baba yake atakuja kumtoa chuoni. Alikuwa amesoma, amecheza, ameswali, amelala, huku mkoba wake umefungwa moyoni. Na kilichomtia hofu ile ni dakika mbili zangu za Jumatano.

"Sikuja kukuchukua," nikamwambia nilipoweza. "Nimekuja kukutazama ukicheza. Nimechelewa miaka miwili."

Alinitazama kuhakikisha kwamba nasema kweli. Kisha machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akasema, "Ungalikuja juma lililopita, Baba. Tulishinda."

Usiku ule, baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka wa dada yangu, nilimuuliza maswali yote ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kujibu lile moja. Mazoezi ni saa ngapi? Ni alasiri, na Maghribi ikiingia kocha humwachia yeye na wenziwe wawili wakaswali. Wakisafiri hufuatana na nani? Haendi mechi ya nje ya mji ila shangazi yake aweze kwenda, na mara mbili alibaki kwa sababu hiyo. Nilimwambia kwamba suruali ile ingekuwa pana zaidi ingenipendeza zaidi, naye akakubali bila ya kununa, akasema ameshaulizia fundi. Ama kuhusu mchanganyiko wa watazamaji, nilimweleza kinachonitia mashaka, naye akanisikiliza, kisha akanisimulia jambo ambalo sikulijua.

Mchezo huu, akasema, ulibuniwa mwezi wa Disemba 1891 na mwalimu aliyeitwa James Naismith, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts huko Marekani. Alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda, na kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande ngazi kuutoa. Muda mfupi baadaye mwalimu wa kike, Senda Berenson, akawafundisha wasichana wa chuo cha Smith, mjini Northampton, katika jimbo lile lile. Walipocheza mechi yao ya kwanza mwezi wa Machi 1893, wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. "Kwa hivyo, Baba," akasema, "ukitaka tuurudishe mchezo kwenye asili yake, sisi tuko tayari." Dada yangu alicheka hata akashika mbavu.

Akanieleza pia juu ya Bilqis Abdul-Qaadir, binti wa Kiislamu wa Springfield ileile, aliyecheza katika timu ya Chuo Kikuu cha Memphis akiwa na hijabu, wa kwanza kufanya hivyo katika daraja la juu la vyuo vya Marekani. Alipomaliza chuo na kutaka kucheza kwa mshahara ng'ambo, alikuta sheria ya shirikisho la dunia, FIBA, inakataza kufunika kichwa uwanjani. Akaambiwa achague. Akachagua hijabu. Yeye na wengine wakaendelea kudai, na mwaka 2017 sheria ile ikabadilishwa. Binti yangu alikuwa mtoto wa shule wakati huo. "Mimi navaa nilichovaa leo," akaniambia, "kwa sababu kuna mwenzangu aliyekubali kukosa."

Nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nimedhani kwamba mchezo ule unawatoa mabinti katika sitara. Sikujua kwamba wako waliouacha mchezo kwa ajili ya sitara, na kwa kuuacha wakawafungulia mlango wenzao.

Nilikaa siku mbili. Jumapili tulikwenda sote kumzuru ami yetu mzee Eastleigh, ambaye nilikuwa nikimpelekea salamu tu miaka yote hiyo. Jumatatu nikarudi, na kila niliposimama nilimpigia binti yangu. Aliniambia amekula nini.

Jumatano ile ile, mbele ya akina mama, nilisema kwamba jibu nililolitoa miezi mitano nyuma nimelirudisha. Sikusema kwamba kila mchezo unafaa kwa kila binti na kila mahali. Iko mipaka, na mwanachuoni mwingine anaweza kuipima kwa ukali au wepesi zaidi yangu. Nilisema kwamba nilijibu kabla sijafahamu, na kwamba nilimlaumu mama ambaye alikuwa amefanya lililompasa: aliuliza. Siku hizi karatasi ikitoka na jambo nisilolijua huiweka mfukoni, nikaenda nikatazama na kuuliza, nikaijibu Jumatano inayofuata. Maswali hayaozi.

Nililomaliza nalo ni hili, na leo nawaambia akina baba hasa. Tumezoea kusema kwamba kuunga udugu ni wajibu wa mdogo kwa mkubwa. Mtoto ndiye apige simu, mtoto ndiye aje. Lakini tumefundishwa kwamba muungaji wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye uzi ukikatika ndiye anayeufunga. Na uzi uliokatwa na mzazi, ni nani wa kuufunga ila mzazi? Kilomita 480 si mbali. Mbali ilikuwa kutoka sebuleni kwangu hadi jikoni, ambako mke wangu alikuwa akizungumza na mwanangu kwa miezi mitano nami sijui.

Nilipomaliza kusema, bi mmoja mkongwe aliyekaa mbele aliinua mkono. "Sheikh," akasema, "na yule mama aliyeandika ile karatasi, umemtaka radhi?"

Nikajibu kwamba nimemtaka.

"Ameridhika?"

Nilitazama safu ya tatu. Alikuwa ameinama akijitengeneza mtandio, lakini nilimwona akitabasamu.

Wallahu a'lam.